Safari ya Ujiji na Radhi ya Kabambare

Mama yangu aliweka nadhiri siku niliyokaribia kufa kwa uzazi, na mimi ndiye niliyelipishwa. Nasema nililipishwa kwa sababu nadhiri kuitamka ni rahisi, kuipanga ndiyo kazi. Yeye alisema maneno mafupi tu, amenishika miguu ndani ya nyumba ya mkunga pale Kasongo: mwanangu akiamka, nitakwenda Ujiji mwezi wa Maulidi, nikae na wanaodhikiri, na nipeleke mkeka wa mkono wangu kwenye msikiti wa kule. Mimi nikaamka. Mtoto akanyonya, akatambaa, akatembea, na Mama bado anasuka mkeka. Mtoto alipoachishwa ziwa, Mama alikata nyuzi za mwisho, akauviringisha mkeka, akauegemeza ukutani, kisha akanitazama. Nikajua yamenifika.

Ujiji iko ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na wakati ule ng'ambo ilikuwa ya Waingereza. Sisi tulikuwa wa Wabeleji, na mtu wa Wabeleji hakuweza hata kulala teritware ya jirani, yaani wilaya ya pili, bila ruhusa yenye muhuri. Kwa watu wa msikiti wetu Ujiji haikuwa ugeni. Walimu waliowafundisha babu zetu dhikri walitoka huko, na wazee waliitaja kama mtu anavyotaja nyumba ya wajomba zake. Lakini kwa mzungu wa teritware ilikuwa nchi nyingine, yenye bendera nyingine na pesa nyingine. Mama alitaka kujua jambo moja tu kuhusu hao Waingereza.

"Wanakula wali?"

"Wao sijui, Mama. Watu wa kule wanakula."

"Basi inchi ni ile ile," akasema, na mambo ya nchi za nje yakaishia hapo.

Mtu wa kutusindikiza alikuwa kaka yangu mkubwa, kapita, yaani msimamizi, wa stoo ya pamba. Kaka ni mtu wa maneno machache; ukimwuliza swali asubuhi, ushukuru akikujibu kabla ya chakula cha jioni. Yeye alishika kazi ya ruhusa, akaenda ofisi ya teritware, akasimama kwenye jua, akarudi, akaenda tena, mpaka ikapatikana. Mume wangu, fundi cherehani, aliridhia bila matata, kwa vile nadhiri ile ilikuwa imemrudishia mke. Mtoto angebaki kwa bibi yake mzaa baba. Njia, chakula, mizigo na usalama vilibaki kwangu, na nakiri kwamba nilivipenda. Mimi ni mtu wa kupanga. Nikiwa na jambo la kupanga, hata sauti yangu hubadilika, na mume wangu husema hapo afadhali mtu ajifanye amelala.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kamyo, yaani lori: Kasongo mpaka Kabambare, Kabambare mpaka Fizi, kisha kuteremka ziwani na kutafuta chombo. Ilikuwa fupi, lakini madaraja yake yalikuwa magogo, na mvua ikinyesha kamyo hulala matopeni na abiria wake. Ya pili ilikuwa ya kuvuka Lualaba, kupanda treni kule Samba, kupita Kongolo na Kabalo mpaka Albertville, na hapo kupanda meli ya kweli, yenye moshi na mabenchi, hadi Kigoma. Ilikuwa ndefu, lakini salama. Nilijiandaa kubishana na Mama, maana yeye treni alikuwa haipendi. Aliwahi kusema kitu kinachopiga kelele namna ile hakiwezi kuwa na nia njema. Nikapanga hoja zangu vizuri kabisa. Sikuzitumia hata moja.

"Tutapanda treni," alisema.

"Kweli, Mama? Kabambare ni karibu zaidi."

"Kabambare hapana. Barabara mubaya."

"Weye si ulizaliwa kule?"

"Ndiyo maana najua barabara yake."

Barabara haikuwa na kosa lolote. Kabambare alikuwako dada yake mkubwa, mama mkubwa wangu, na wawili hao walikuwa hawasemezani tangu bibi yetu alipofariki. Habari ya msiba ilikuwa imechelewa kutufikia, na mito ilikuwa imejaa. Mama alifika wakati bibi amekwisha kuoshwa na kuzikwa, na mama mkubwa, aliyemwosha peke yake, akasimama mbele ya waombolezaji wote akasema, "Huyu amekuya kula matanga." Mama aligeuka siku ile ile, hakunywa hata maji. Mama mkubwa akampigia kelele mgongoni, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga kwa mdogo wake ila siku ya kumzika. Kila mmoja aliona yeye ndiye aliyekosewa. Mimi niliona wote wawili wamezaliwa na mama mmoja.

Nikaendelea na usalama wangu. Nilishona faranga ndani ya pindo la gauni la Mama, nikamwonyesha mahali pa kufumua. Nilikaanga karanga, nikakausha samaki wa Lualaba mpaka wakawa wagumu kama kuni, nikafunga chumvi mbali na sukari kwa kuwa namjua Mama. Nilimwambia maji ya stesheni hanywi mpaka yachemshwe, mgeni hampi mzigo amshikie, na mkoba haondoi katikati ya miguu hata kama anasali. Mama alisikiliza yote, kisha akasema usalama wangu ni wa mizigo. Wa kwake alikuwa ameuuliza kwa mwalimu wa msikiti.

Mwalimu alimwambia kwamba anayekwenda safari ya namna ile huenda na moyo uliofagiliwa. Alipe anachodaiwa, aombe radhi kwa kila aliyemkosea au kumkasirikia, na afunge sanda yake kwenye mzigo, kwa kuwa msafiri hajui atalala wapi. Juu ya hayo Mama aliongeza jambo la kwao. Watu wa Kabambare hawatoki kwenda mbali bila mkubwa wa nyumba kuchukua maji kinywani na kumpulizia msafiri kifuani, maana yake: nenda, sina neno nawe. Mama aliyajua maji hayo toka utoto, na alikuwa amemwuliza mwalimu kama yana kosa. Mwalimu akacheka, akasema maji ni maji. Tangu bibi afariki, mkubwa wa nyumba yao alikuwa mmoja tu, na hakuwa Kasongo.

"Ziwa haibebi mutu mwenye kinyongo nyuma yake," Mama aliniambia. "Inamujua."

"Basi twende Kabambare uchukue radhi ya yaya wako," nikasema, maana yaya kwao ni dada mkubwa.

"Yeye ndiye aniombe mimi."

Akaanza na wengine. Alizunguka Kasongo nzima akiomba radhi, na sijaona kazi ya amani iliyoleta ugomvi mwingi hivyo. Jirani yetu wa kwanza alisema hana neno kabisa, Mungu ni shahidi, ila tu kile kinu alichoazimwa Mama kikarudi na ufa. Mama akasema kinu kilikuwa na ufa toka zamani. Jirani akasema hakikuwa nao. Wakaenda kukitazama kinu. Mwingine alisamehe upesi, kisha Mama alipofika njiani akamwita arudi, amekumbuka jambo la kuku. Mama alitoka asubuhi hana ugomvi na mtu wa mtaa ule, akarudi mchana ana hasira na nusu yake, na kesho yake ikambidi azunguke upya kuomba radhi ya maneno aliyoyasema wakati wa kuomba radhi. Nilicheka hata nikashika mbavu. Yeye hakucheka, kazi ilikuwa ya kweli kwake.

Siku aliyotoka dukani kununua bafta ya sanda, alikutana sokoni na dereva wa kamyo aliyekuwa akipeleka mchele Kabambare. Zamani Mama alikuwa amemwita mwizi mbele ya watu, kwa sababu ya gunia lililopungua njiani. Akamsimamisha, kitambaa cheupe kikiwa kwapani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, unisamehe. Naomba radhi kwa watu wote. Niko mu safari."

Dereva akasamehe, akapanda kamyo yake, akaondoka. Nilikuwapo, nilimwona uso. Alikuwa ameshtuka, nami nikadhani ni kwa sababu Mama hakuwahi kumwita mwanangu.

Baada ya hapo kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa moyo wa mwenye safari. Mwalimu alimwuliza kama amemaliza wote. Mama akasema amemaliza wote wa Kasongo. Mwalimu alimtazama usoni, na Mama alirudi nyumbani na uso wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akawa anafagia kiwanja kilichokwisha kufagiwa. Akanituma nimwulize kaka kama treni hupita juu ya maji mengi. Siku moja akaniambia ataomba radhi ya dada yake moja kwa moja kwa Mungu, kwa kuwa Mungu yuko Kabambare vilevile. Mimi nikachoka.

"Mama, nadhiri yako ni juu ya roho yangu. Ukifika kule na moyo nusu, roho yangu nayo umeilipia nusu?"

Maneno hayo yalikuwa makali, na niliyasema nikiwa nimemaanisha. Niliogopa kweli. Nilikuwa nimepanga kila kitu kinachoweza kupangwa, nami nilijua Mama akipanda meli ile na neno la matanga moyoni, atakufa kwa hofu kabla ya kuona ng'ambo. Aliketi barazani, akatoa tasbihi, akaihesabu bila kutikisa midomo.

Ikawa alasiri moja, siku chache kabla ya kuondoka, nilikuwa namfundisha Mama kukaa kwenye treni. Tuliweka benchi kiwanjani. Mama akakaa, mkoba katikati ya miguu, mimi nikajifanya mwizi napita. Alikuwa hodari mno. Mwizi wa kwanza alipigwa teke la mguu. Tulikuwa tunafundishana hivyo ndipo tukasikia kilio kutoka barabarani.

Kwetu kilio hujibiwa kwanza, huulizwa baadaye. Mwanamke akilia njiani, aliye jikoni huacha sufuria akatoka analia, kwa sababu aibu ya kuchelewa kulia ni kubwa kuliko aibu ya kumlilia usiyemjua. Jirani wa kinu akatoka na mikono kichwani. Wa kuku akafuata. Wanawake wakamiminika, kilio kikapanda, na Mama naye akaruka kutoka kwenye benchi, akafungua kitambaa cha kichwa, akaanza kulia kwa sauti yake ile nzito inayojulikana mtaa mzima. Akakimbilia mbele, akamshika mwanamke mmoja begani.

"Ni nani amekufa? Ni nani?"

Mwanamke yule, machozi yakimtoka, alikuwa amekwisha kuuliza barabarani.

"Wanasema ni weye," akajibu.

Watu wakaachana, na katikati yao akaonekana mama mkubwa wangu. Vumbi lilikuwa limempaka mpaka nyusi. Rozari ilikuwa shingoni, maana yeye alikuwa mtu wa misheni, kuku wawili wamefungwa miguu mkononi, na kikwembe, kanga yake, amekifunga kiunoni kama afungavyo mfiwa. Alikuwa amefungua mdomo kwa kilio kingine. Kilio hakikutoka. Alimtazama mdogo wake juu mpaka chini.

"Weye iko muzima?"

"Niko muzima, yaya."

"Kwa nini?"

Hakuna aliyecheka wakati ule, ingawa baadaye neno hilo lilizunguka Kasongo mwaka mzima. Habari ilikuwa hivi. Dereva alifika Kabambare akasema sokoni kwamba yule mama wa Kasongo anazunguka kuagana na watu, amenunua sanda, na hata yeye aliyemwita mwizi amemwita mwanangu. Kwao, mtu anayezunguka hivyo amekwisha kuona kifo chake. Nani angefikiri mambo ya Ujiji? Mama mkubwa alifunga kuku, akapanda kamyo ya kwanza. Kamyo ikaharibika njiani, akaendelea kwa miguu, akilia katika kila kijiji ili watu wajue mwenye msiba anapita.

Alipoelewa kwamba hakuna maiti, alikaa chini palepale kiwanjani, akatugeuzia mgongo. Hataki maji, hataki kiti. Kuku walikuwa wa matanga na sasa hajui ni wa nini.

"Nimeapa mbele ya watu kwamba mguu yangu haifiki hapa ila siku ya kumuzika," alisema, akiniambia mimi, kwa sababu Mama alikuwa hamwambii. "Na leo niko hapa, na yeye iko muzima, amenona. Mama yako amenifanya muongo."

Mama alisimama, kitambaa mkononi, nywele wazi. Nilimwona anatafuta pa kupitia. Akisema wewe ndiye uliyenitukana, dada yake atainuka aende, na safari yetu itakuwa imekwisha kabla ya kuanza. Akipiga magoti mbele ya mtaa mzima, yeye aliyekwisha kuzunguka mtaa huo akigombana, watu watamcheka maisha yake yote. Nilitaka kumsaidia, na kwa mara ya kwanza tangu nadhiri ile sikuwa na mpango.

Mama akaingia barazani, akavuta mkeka mkukuu wa kupepetea mchele, akautandika kiwanjani mbele ya dada yake. Akalala juu yake, chali, miguu pamoja. Akajifunika kikwembe kuanzia vidole vya miguu mpaka juu ya kichwa.

"Haya, yaya," sauti ikatoka chini ya kitambaa. "Nizike. Usikuwe muongo kwa ajili yangu."

Wanawake wengine walipiga yowe, wengine wakashika midomo. Kaka yangu, aliyekuwa amefika kutoka stoo, akasema, "Mama!" na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote ya siku ile. Mama mkubwa akageuka polepole. Kitambaa kilikuwa kinapanda na kushuka kwa pumzi ya mtu aliye chini yake.

"Yaya," Mama aliendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa tena ya mzaha. "Nilichelewa. Mito ilijaa, lakini nilichelewa. Ulimuosha mama peke yako. Sikukusaidia hata kubeba maji. Nipe radhi."

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema neno nilichelewa. Nadhani asingeweza kulisema uso kwa uso. Chini ya kitambaa hakumwona dada yake, wala hakuona majirani, nami nilisimama pale nikilia kilio changu mwenyewe, cha kweli, siyo cha kujibu.

Mama mkubwa alinyosha mkono kwangu, nikaelewa, nikakimbia mtungini. Alipokea kata ya maji, akanywa kwanza maana alikuwa na kiu toka mbali, kisha akajaza kinywa. Akainama juu ya mkeka. Alitaka kupuliza inavyopaswa, taratibu, juu ya kifua. Lakini chini ya kitambaa Mama akapiga chafya, kwa vumbi la pumba, na mama mkubwa akapasuka kicheko na maji yote yakaruka, yakamlowesha maiti wake, yakanilowesha mimi na kuku. Mama akaketi ghafla, kitambaa kimemganda usoni. Wakatazamana, wote wamelowa, wakacheka mpaka mmoja akamwangukia mwenzake.

"Inahesabika?" Mama aliuliza alipopata pumzi.

"Imehesabika," alisema mama mkubwa. "Maji imekufika mpaka kwenye tumbo."

Kuku tuliwala usiku ule kwa wali, na jirani wa kinu alialikwa. Mama mkubwa alikaa nasi mpaka siku ya safari. Aliufungua mzigo wangu wote, akaufunga upya kwa namna yake, na kwa heshima nikanyamaza, ingawa chumvi na sukari aliziweka pamoja. Asubuhi Mama alisali, na dada yake akahesabu rozari yake upande wa pili wa ukuta, kila mmoja akimsubiri mwenzake amalize ndipo chai imiminwe. Nilifurahi siku zile kuliko nilivyofurahi Ujiji kwenyewe, na Ujiji nilifurahi sana.

Siku ya kuondoka alitusindikiza mpaka Lualaba. Mizigo ilikuwa imekwisha kupangwa ndani ya mtumbwi, kaka amekaa mbele na ruhusa zetu kifuani, mimi katikati, na Mama ndiye alikuwa bado anaingia, mguu mmoja majini. Mama mkubwa akamshika mkono, hakumwachia.

"Sikia," akamwambia. "Mimi nimekulilia toka Kabambare mpaka kwako. Machozi ya kifo chako imekwisha, sina ingine. Basi usinitangulie. Mimi ndiye mukubwa, mimi ndiye nitakwenda mbele, na weye ndiye utakuya kuniosha."

"Nitakuya, yaya."

"Mito ikijaa?"

"Hata mito ikijaa."

Mpiga kasia alikuwa amekwisha kuukita upondo chini ya maji, anangoja. Mama mkubwa alikuwa bado hajauachia mkono ule.

"Utawahi?"

Mama yangu, mjane, bibi wa mjukuu, mwanamke aliyekuwa amegombana na Kasongo nzima, alijibu kwa sauti ya mtoto anayetumwa kisimani.

"Nitawahi, yaya."